Barua ya wazi kwa wenye kumbi na mapromota: shoo haianzi pale mwimbaji anaposhika maiki

Wakubwa zangu wenye kumbi, mapromota, mameneja wa matamasha na nyie wote mnaokaa na karatasi ya ratiba mkononi siku ya shoo, salaam.

Mimi napiga gitaa la besi kwa malipo. Bendi inaniita, nafanya nao mazoezi, napanda nao jukwaani, nalipwa, kesho naitwa na bendi nyingine. Ndo kazi yangu na naipenda, tena naipenda sana, ndo maana naandika. Nawaandikia nyie na sio wapigaji wenzangu kwa sababu sisi haya tushayaongea mpaka tumechoka, nyuma ya jukwaa, kwenye gari tukirudi usiku, kwenye simu, na kuongea kwetu hakujawahi kubadilisha ratiba ya ukumbi wowote. Nyie ndo mnaoweza.

Jambo langu ni moja. Mnapanga, mnalipa na mnahesabu ile saa moja na nusu tuliyo jukwaani tu, zile saa nyingine zote mnazichukulia kama hazipo, wakati shoo yenyewe inatengenezwa huko. Ni sawa na kumlipa fundi cherehani kwa kushona vifungo tu na nguo nzima ukahesabu imejishona. Na mkizibana hizo saa, kitu cha kwanza kuharibika ni besi, na besi ikiharibika watu hawajui kusema ni besi, wanasema tu bendi leo haijanoga, wanarudi kukaa.

Nianze na saundi cheki, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, maana hapo ndo pananiuma zaidi.

Mnatuambia tuwahi. Tunawahi, mlango umefungwa na mwenye funguo hapatikani. Tukiingia, jukwaa bado linagongwa misumari, mtu wa mapambo anataka nafasi yake, mtu wa taa anataka giza ajaribu taa zake, na muda unaenda. Fundi mitambo anaanza na dramu na hapo simlaumu hata kidogo, dramu zina maiki nyingi, kila moja inataka kusikilizwa. Halafu anatokea mtu wa ratiba anaonyesha saa yake, milango inafunguliwa sasa hivi. Fundi ananiangalia, "besi, piga kidogo". Napiga uzi wa chini mara tatu nne, napanda juu kidogo, "sawa, inatosha, waimbaji". Basi, imeisha. Hajanisikia nikipiga kwa dole gumba, na hapo sauti inaruka ghafla mpaka taa nyekundu za miksa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti, zinawaka, hajasikia pedali zangu, na kubwa kuliko yote hajasikia besi na kiki, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, zikipigwa pamoja, wakati hivyo viwili vinakaa eneo moja la sauti na vinagombania nafasi, ukisikiliza kimoja kimoja vyote vizuri, ukiviweka pamoja unapata mngurumo tu.

Naomba niwaeleze kwa nini hapa sidai makuu. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ukiachwa wazi unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti inatembea hewani karibu mita 343 kwa sekunde, sasa gawanya, wimbi moja la huo uzi lina urefu wa mita 8 na zaidi. Besi ya nyuzi tano inashuka mpaka kama mara 31 kwa sekunde na wimbi lake linafika mita 11. Mawimbi marefu namna hiyo yakiwa ndani ya kuta yanagonga, yanarudi, yanakutana na yanayokuja, na pale yanapojumlishana besi inavimba mpaka glasi zinatembea juu ya meza, ukisogea hatua chache pembeni yanakatana na besi inapotea. Mimi niliye jukwaani siwezi kulijua hilo. Fundi ndo kabisa, kwa sababu mara nyingi mnamweka kona ya ukumbi ili asichukue nafasi ya wateja, na kwenye kona ndo besi inajaa kupita sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo yeye anasikia imezidi, anaishusha, na pale katikati watu wanapotaka kucheza hakuna kitu. Nimeliona hili mara nyingi sana, mpaka siku hizi nikiingia ukumbi mgeni naanza kutafuta kwanza miksa imewekwa wapi.

Dawa yake haihitaji mashine ya bei mbaya. Bendi nzima ipige wimbo mmoja mwanzo mpaka mwisho, fundi aache miksa yake atembee, asimame mbele, asimame katikati, aende mpaka nyuma, arudi arekebishe, wapige tena. Watu wakishajaa ataigusa tena kidogo maana miili ya watu inameza sauti za juu kuliko za chini, ukumbi uliojaa na ukumbi mtupu havisikiki sawa, lakini angalau anakuwa na mahali pa kuanzia. Nusu saa ya bendi pamoja, milango ikiwa bado imefungwa, dramu zikiwa zimeshapimwa tayari. Nusu saa ya kweli, sio ile ya kwenye karatasi ambayo dakika ishirini zake zimeisha kutafuta ekstensheni. Na huyo fundi mtoeni konani, hata kama pale katikati mngeuza meza, hao wa meza zilizobaki watakaa muda mrefu zaidi.

Sasa vyombo. Mtengenezaji magitaa wa Marekani, Leo Fender, alitoa besi yake ya umeme, ile Precision, mwaka 1951, kipindi ambacho mpiga besi alikuwa anabeba chombo cha kusimama kikubwa kuliko yeye mwenyewe na bendi ikipamba moto bado hasikiki. Gitaa likawa la kuvaa shingoni, sawa, ila spika zikaanza kukua. Kampuni ya Ampeg walipotoa amplifaya yao ya SVT mwaka 1969 ilikuwa na wati 300, amplifaya peke yake ilikaribia kilo 40, na kabati lake la spika nane za inchi 10 lilikuwa zito zaidi ya hapo. Leo amplifaya imekuwa nyepesi, hizi za kisasa zinazoitwa klasi D zinatoa wati 500 na hazifiki hata kilo 3, mtu anaiweka kwenye begi pamoja na waya zake. Kilichobaki kikubwa ni spika, na hilo halina ujanja sana, sauti nzito lazima isukume hewa nyingi na hewa nyingi inataka koni pana, ile sehemu ya spika inayotetema, na kabati lenye nafasi.

Kwa hiyo ombi langu hapa ni dogo na linatimizika. Ukumbi uwe na kabati moja zuri la spika la besi, linakaa hapo hapo, ni la ukumbi. Kila mpiga besi atakuja na gitaa lake na amplifaya yake begani, anachomeka, anapiga. Mnaokoa muda wenu, mnaokoa migongo yetu, na jukwaa linabadilishwa kwa dakika chache kati ya bendi na bendi. Nimesimama mara ngapi na kabati mikononi kwenye mlango wa mbele mlinzi ananiambia wanamuziki wanapita kule, na kule ni ngazi za chuma zimelowa, hazina taa, zinapinda katikati, kabati halipiti mpaka tulisimamishe wima, mimi chini na mpiga dramu juu, vidole vyangu, vidole hivi ninavyotegemea kupigia baada ya muda mfupi, vikiwa katikati ya kabati na ukuta. Mlinzi hana kosa, kaambiwa. Nyie ndo mnaoweza kumwambia vingine.

Ila mkisema "amplifaya ipo", tafadhali semeni ni ipi. Hili limenikuta kwenye kumbi nyingi, unaambiwa kila kitu kipo usihangaike, unafika unakuta amplifaya ya gitaa la kawaida, koni imechanika, ukigusa tu inakoroma. Spika ya gitaa haikutengenezwa kwa kazi hii. Uzi wa chini kabisa wa gitaa unatetema kama mara 82 kwa sekunde, wetu uko oktavu nzima chini yake, koni inalazimika kwenda mbele na nyuma kuliko ilivyopangiwa, inachoka, inachanika, halafu lawama anabebeshwa mpiga besi aliyekuja usiku ule. Tuandikieni jina la mashine, wati zake, na ohm za kabati, yaani ukinzani wake kwa umeme. Ohm zina maana sana jamani, makabati mawili ya ohm 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa ohm 4, na amplifaya nyingi hapo ndo mwisho wao, mtu akiongeza la tatu ili sauti iwe kubwa amplifaya inachemka au inajizima katikati ya wimbo. Na waya wa spika uwe waya wa spika, sio ule wa gitaa, ule wa gitaa ni mwembamba ndani, umetengenezwa kubeba sauti ndogo ya pikapu, kile kinasa sauti cha kwenye gitaa, na sio nguvu ya amplifaya.

Kama kabati halipo na hamna mpango wa kununua, semeni mapema tu, tutaingia moja kwa moja kwenye miksa kwa kiboksi cha DI, kile kinachounganisha gitaa na miksa, na watu wa mbele watasikia vizuri kabisa. Lakini basi nipeni monita yangu, yaani spika ya jukwaani ya kujisikia mwenyewe. Mkinipa monita moja tunagawana na mwimbaji, fundi ataijaza sauti ya mwimbaji, na ana haki, mimi nitapiga kwa kubahatisha nikiangalia tu mguu wa mpiga dramu. Mpiga besi asiyejisikia anapiga kwa nguvu kupita kiasi, mkono unakakamaa, mwisho wa shoo kifundo kinauma, na tempo inaanza kukimbia kwa sababu hatusikilizani tena.

Umeme. Hapa naomba msome polepole.

Nyuzi za besi ni chuma, na ndani ya gitaa zimeunganishwa na ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kupitia briji, kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi, ili zisilete mngurumo. Maana yake mikono yangu iko kwenye ethi ya amplifaya muda wote wa shoo. Sasa kama soketi ya amplifaya yangu haina ethi, au soketi imetoka upande mwingine na mitambo imetoka upande mwingine na kuna hitilafu mahali, nikisogea kuitikia wimbo mdomo ukagusa maiki, umeme unapita kwangu. Ukiwa mdogo ni mchomo wa midomo, wapigaji wengi wanaujua huo mchomo na wengi wameuzoea, jambo ambalo linanitisha kuliko mchomo wenyewe. Ukiwa mkubwa unaua. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, gitaa mkononi, baada ya kushika maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa. Ni zaidi ya miaka 50 sasa na bado naingia kwenye kumbi nakuta plagi imekatwa mguu wa ethi makusudi ili mngurumo uishe. Jamani hapana. Mngurumo unaondolewa kwenye waya wa sauti, kiboksi cha DI kina swichi yake kabisa ya kukata ethi ya upande wa sauti, au unatoa umeme wote wa jukwaa sehemu moja na taa zenye dima, kile kifaa cha kupunguza mwanga, unazipa njia yao. Ethi ya umeme haikatwi. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni apime soketi za jukwaa zote, awafungie kifaa kinachokata umeme ukivuja, ni kazi ya siku moja na itawalinda wote watakaopanda hapo baada yetu, hata wale wa harusi na mikutano.

Masikio nitayapitia haraka. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za muziki mwaka 2022, wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, na hapo wanawasemea wasikilizaji. Mimi nasimama pembeni ya simbali na nyuma yangu kuna spika. Nina viziba masikio vyangu, sijawaomba vya bure, ninachoomba ni msimshurutishe fundi apandishe tu kila kukiwa na kelele za watu, mtu akipata mlio wa kudumu masikioni haumtoki.

Na orodha ya nyimbo, hii nawaambia mapromota hasa, mnapobadilisha mwimbaji siku moja kabla ya shoo sio mwimbaji tu mmebadilisha. Huyu mpya sauti yake iko chini, nyimbo zote zinashuka nusu toni au toni nzima, wimbo uliokuwa unaanzia kwenye noti ya E, ile ya uzi mnene ukiachwa wazi, sasa unataka noti ambayo kwenye besi yangu ya nyuzi nne haipo. Nishushe tyuni, nyuzi zinalegea na vidole vyote vinahama, au nilete ya nyuzi tano ambayo shingo yake ni pana zaidi, na vyovyote iwavyo usiku ule silali, nimekaa na hedifoni najifunza upya nyimbo ambazo nilishazijua. Nafanya, tena kwa moyo, kwa sababu sipendi kupanda jukwaani nikiwa nabahatisha. Lakini hiyo ni kazi na haipo popote kwenye malipo yenu.

Tufike basi kwenye hela.

Siku ya shoo natoka nyumbani mchana na narudi alfajiri. Nyuma ya hiyo siku kuna mazoezi, kuna nyuzi mpya, kuna usafiri, kuna betri za tisa volti kwa sababu besi nyingi zenye saketi ya betri, betri ikiisha katikati ya wimbo, hazitoi sauti kabisa. Nyie mnanilipa kwa dakika za jukwaani, na hata hizo mnanilipa wiki ijayo, au mnaniambia mlango haukufanya vizuri. Mlango ni biashara yenu wakubwa. Mimi sikupanga kiingilio, sikuchagua tarehe, sikuchapisha mabango. Mwenye baa analipwa, wa taa analipwa, wa jenereta asipolipwa anazima, mpiga besi anaambiwa avumilie kwa sababu anajulikana hawezi kugoma katikati ya wimbo. Tukubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, kiasi gani, kitalipwa lini, na mkiahirisha siku yenyewe ya shoo nitalipwa nini, kwa sababu tarehe ile nilishakataa kazi nyingine kwa ajili yenu. Na malipo yatoke usiku ule ule kabla sijafunga waya zangu. Kuna waandaaji wanafanya hivi, bahasha iko tayari hata kabla ya wimbo wa mwisho, na bendi zote zinawajua, wakiita hata kwa taarifa fupi watu wanaenda mbio.

Halafu hizi video. Mnarekodi shoo nzima kwa kamera kadhaa, mnaiweka mtandaoni, inaandikwa jina la ukumbi, jina la mwimbaji, jina la aliyeshika kamera, na sauti ya besi imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye waya wangu. James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, miaka ya 1960, dunia nzima ilicheza, na majina ya wapigaji hayakuwa yanaandikwa kwenye majalada, lake lilikuja kuandikwa mwaka 1971 kwenye albamu ya mwimbaji Marvin Gaye. Akafariki 1983. Nyie hamchapishi majalada, mnaandika mistari miwili chini ya video, kuongeza majina ya watu watano hakuchukui hata dakika. Na kabla ya kurekodi ulizeni, na kama video itaingiza hela tuzungumze mapema na sio baada ya kuiona kwenye simu ya mtu.

Siombi haya yote yafanyike kwa mkupuo, najua kumbi nyingine ni ndogo na mwenyewe ndo meneja ndo mlinzi ndo mtu wa kaunta. Ila kuna moja haligharimu hata shilingi. Wiki moja kabla ya shoo mpigie mtu mmoja wa bendi, umpe namba ya fundi mitambo, tuongee sisi wenyewe. Tukiongea na fundi kabla, tunajua tulete nini na tuache nini, anajua nina waya mmoja au miwili, anajua napiga nyuzi tano, anaandaa nafasi yangu kwenye miksa, na siku ya shoo ile nusu saa inatosha na inabaki. Nimefanya kazi na mafundi wazuri sana kwenye kumbi za kawaida kabisa na siri yao ilikuwa hiyo simu.

Umeme ndo uanze, kabla hata ya hilo kabati. Na kwa yeyote mwenye ukumbi ambaye hajui aanzie wapi upande wa sauti, niko tayari kuja mchana siku isiyo na shoo, bila malipo, na besi yangu, fundi wenu akae kwenye miksa, mimi nipige noti moja moja kutoka chini kwenda juu huku nyie mkitembea ukumbi mzima na chaki mkiweka alama kila mahali besi inapovimba na kila mahali inapopotea.

Wenu,
mpiga besi